Uso wa Baba Mitchelle

Jumatatu, 16 Machi

Mvua imeanza leo, na leo ndiyo siku tumeleta mashine nyumbani. Nimepanda nayo ngazi hadi ghorofa ya sita nikiwa nimeifunika leso kama mtoto mchanga. Baba Mitchelle alinifuata nyuma akihema kama amebeba gunia la mahindi, na hakuwa amebeba hata mwavuli.

Niandike vizuri ili nikija kusoma nisijidanganye. Mume wangu Opicho, ambaye mimi humwita Baba Mitchelle kwa ajili ya binti yetu aliye shule ya bweni, hukatika pumzi akilala. Si kukoroma tu. Kukoroma nilikuzoea tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, na majirani wa hapa Pipeline, ambao ukuta wao ndio ukuta wetu, nao wakazoea. Hiki ni kitu kingine. Anakoroma, kisha kimya, na kile kimya kinakaa hadi mimi ndiye ninayekosa pumzi, ndipo ashtuke kama mtu aliyetolewa majini. Mchana anasinzia popote. Januari alisinzia juu ya forklifti kule ghalani Industrial Area, akaangusha rundo zima la unga. Msimamizi wake, Walter, hakumfukuza. Alimpa ufagio akamwambia, "Tibu usingizi kwanza, mzee. Kiti chako kiko."

Daktari anasema mashine inasukuma hewa ili koo lisijifunge. Si yetu. Tumeiazima kliniki hadi mvua hizi ziishe, na ndani yake inajiandikia yenyewe ni hewa kiasi gani imefika kooni na kiasi gani imevuja kwenye barakoa. Ikiwa inavuja tu, itarudishwa apewe mwingine, maana foleni ni ndefu. Yurub, dada wa kliniki anayewapima watu barakoa, alitaka niwe naandika kila asubuhi mgonjwa amelalaje. Alinipa karatasi yenye mstari mmoja kwa kila siku. Mstari mmoja! Hanijui.

Kabla hatujatoka alimuuliza, "Baba, unatumia krimu ama vipodozi vyovyote usoni?" Baba Mitchelle alicheka hadi akakohoa. "Mimi ni mwanaume, dada yangu." Nami nikacheka.

Jumanne, 17 Machi

Mashine ina kioo kidogo. Asubuhi kinakuonyesha kikatuni cha uso. Kikiwa cha kijani na kinacheka, barakoa imekaa vizuri. Kikiwa chekundu na kimenuna, hewa imevuja. Leo kimenuna. Hewa ilikuwa inatorokea juu ya pua na kumpuliza machoni, ikipiga mluzi hadi alfajiri. Nimemwambia hata kiatu kipya huuma siku ya kwanza.

Jumatano, 18 Machi

Kimenuna.

Ijumaa, 20 Machi

Kimenuna. Nimekaza mikanda.

Jumamosi, 21 Machi

Mama mkwe amefika kutoka Bungoma. Alisikia mwanawe anaumwa, akaacha shamba limelimwa na mbegu zikiwa ndani ya debe. Mvua yote hii inanyesha na yeye yuko Pipeline. Jina lake ni Khalayi, ila mimi siwezi kulitaja mbele yake. Ni Mama tu.

Kwao mama halali chini ya paa moja na mwanawe aliyeoa, na chumba chetu cha kulala hawezi hata kukichungulia. Nyumba yenyewe ni chumba na sebule, na mlango wa chumba ni pazia. Basi Nurto, mama wa Kisomali anayekaa mlango unaotazamana na wetu, akaamua bila kuulizwa. "Mama Mitchelle, kitanda kiko kwangu, na keki za Idd bado ziko. Mlete." Kwa hiyo mama anashinda kwetu na kulala kwa Nurto, na mashine ya ugonjwa uliomfanya aache shamba hajaiona kwa macho yake.

Jioni Baba Mitchelle alipotoka kuoga, mama alimkalisha kwenye kigoda, akafungua kopo la mafuta ya kujipaka alilotoka nalo nyumbani, akampaka uso mzima, mashavu, pua, hadi nyuma ya masikio. Yeye mwenyewe hujipaka haraka haraka, lakini mama anapaka kama anayekanda unga. Mtu mzima mwenye mvi, amefumba macho na kutulia kama mtoto. Nilicheka jikoni, lakini nilipenda. Mimi pia sijawahi kukubali mtu atoke nyumba hii akiwa amepauka. Nilikuzwa hivyo. Asiyejipaka mafuta ni kama hajaoga.

Jumatatu, 23 Machi

Kimenuna sana leo.

Jumatatu, 30 Machi

Mimi ni fundi wa nguo. Kibanda changu cha kushona kule mtaa wa Fedha kimevalisha wasichana wa shule wa kila umbo na wanaume wenye vitambi visivyokubali vifungo, nishindwe na pua moja? Jana nilichukua ile mikanda ya kichwani, nikaipunguza kwa cherehani, kisha nikashonea kitambaa laini pale juu ya pua. Ilikaa barabara. Nilijisifu mbele ya mama.

Asubuhi kikatuni kimenuna, na Baba Mitchelle ameamka na kidonda kwenye mfupa wa pua. Mama alipokiona alisikitika akampaka mafuta mara mbili, asubuhi na jioni. Nimetoa kitambaa changu. Nimeacha mikanda ilivyo.

Alhamisi, 2 Aprili

Thuo, anayetunza jumba letu, amenisimamisha kwenye ngazi.

"Niaje, Mama Mitch. Hiyo kitu yenu inapiga filimbi usiku mzima. Wasee wa huko chini hawalali."

"Na wakati alikuwa anakoroma walikuwa wanalala?"

"Hiyo walikuwa washazoea. Kukoroma ni ya mtu. Hii inakaa ni kama mmefuga nyoka kwa nyumba."

Nimecheka naye, nikaingia ndani, kicheko kikaniishia mlangoni.

Jumapili, 5 Aprili. Pasaka

Stima ilipotea na mvua tangu jana. Amelala bila mashine, nami nimekaa nikimsikiliza. Kanisani amesinzia hadi akaegemea mtu asiyemjua.

Alhamisi, 9 Aprili

Tumerudi kliniki kabla ya siku yetu, na Yurub hakutufukuza. Ni msichana mpole, hijabu yake imebanwa sawasawa, na ana mikono isiyo na haraka. Alipoona nilivyopunguza mikanda aliuma mdomo asicheke.

"Mama, kosa ni kukaza. Huu mpira unajaa hewa kama puto, unataka nafasi. Ukiubana haujai, na hapo ndipo unavuja. Tena mtu apimwe akiwa amelala na mashine ikiwa inapuliza. Uso ukilala hubadilika."

Akamlaza Baba Mitchelle kitandani, akampangusa uso kwa kitambaa chenye maji ya dawa kama anavyomfanyia kila mgonjwa, akambadilishia mpira akampa mdogo zaidi, akawasha. Alilegeza mkanda huu, akavuta ule kidogo, akainua barakoa kidogo ikajaa, akaiachilia ikajikalia yenyewe. Mluzi ukaisha. Nilisikia pumzi ya mume wangu ikiingia na kutoka kama ya mtu asiyedaiwa na yeyote. Kikatuni kikacheka. Nilimkumbatia yule dada mbele ya foleni nzima.

Ijumaa, 10 Aprili

Kimenuna.

Siamini. Nilimlaza vilevile, nikalegeza vilevile, mpira ni uleule. Barakoa iliteleza shavuni kama sabuni bafuni. Kila nikiisogeza inakaa kidogo kisha inateleza tena.

Jumamosi, 11 Aprili

Kimenuna.

Jumatano, 15 Aprili

Kimenuna. Nimeanza kumtazama mama kwa jicho baya, afadhali niseme ukweli. Tangu aje, ugali ni mkubwa zaidi na unaliwa jioni sana. Anamshika mwanawe na hadithi hadi usingizi umpite. Kabla yake kulikuwa kubaya, baada yake kumekuwa kubaya zaidi, na sioni kitu kingine kilichobadilika ndani ya nyumba hii. Kidonda cha pua hakikauki. Kopo lake la mafuta limeisha, na mimi mwenyewe nikamnunulia lingine kubwa ili asiseme ninamnyima mwanawe.

Jumanne, 21 Aprili

Mama ameniomba nimletee barakoa sebuleni aione. Aliigeuza geuza akairudisha.

"Mama Mitchelle, hiki si ndicho hufungwa ng'ombe mdomoni asile mahindi ya watu?"

"Mama, kama una dawa nyingine ilete. Kama huna, tuachie hii."

Sijawahi kumjibu hivyo. Aliinuka, akaenda kwa Nurto kabla ya chai ya saa kumi. Nilibaki na barakoa mkononi nikijichukia, lakini sikumfuata.

Jumamosi, 25 Aprili

Jana Baba Mitchelle alikataa. Lazima niandike yote.

Aliivaa kama kawaida, nikamlaza, nikalegeza, nikainua, nikaachilia. Ikatulia. Nilifikiri tumefika. Nilipokuwa ninashusha neti, hewa ikatoboa pale kando ya pua na kuanza kupiga mluzi, na kutoka chini mtu akagonga dari kwa ufagio. Baba Mitchelle akaketi. Akaivua taratibu, si kwa hasira, hasira ningeielewa. Akaiweka mapajani mwangu kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

"Irudishe Jumatatu, Mama Mitch."

"Bado mvua haijaisha. Tuna siku."

"Siku za nini? Kila asubuhi ninanuniwa na katuni. Kazini nimepewa ufagio, watu niliowafundisha forklifti wananipita wakiniita mzee. Nyumbani ninafungwa uso. Wacha nilale hivyo hivyo. Ikiwa ni kufa, wengi hufa wakiwa macho."

Nilimwambia asiongee hivyo. Aliniambia mimi ndiye sielewi, kwamba ninalala upande wa uzima. Kisha akageukia ukuta na kulala, na kikaja kile kimya chake. Nilimtikisa. Akavuta pumzi. Kikaja tena, nikamtikisa tena. Mimi nimeshona magauni ya harusi kwa siku moja, nimezika wazazi wangu wawili, nimemlea Mitchelle na kifua chake kibovu, lakini sijawahi kuwa bure namna ile. Hewa iko, mashine iko, barakoa iko, stima ilikuwepo hata, na bado siwezi kumfikishia mtu wangu pumzi kutoka mezani hadi puani.

Asubuhi nilimsihi. Nilipiga magoti, sioni haya kuandika. Amekubali kuivaa tena. Alisema anaivaa kwa ajili yangu, si kwa ajili yake, na hilo liliniuma kuliko alivyokataa.

Jumanne, 28 Aprili

Kimenuna.

Jumatatu, 4 Mei

Kimenuna. Mama amepigiwa simu. Mahindi ya wenzake yamefika magotini. Shamba lake ni magugu tu. Hakulalamika, alifungua kopo.

Jumamosi, 9 Mei

Leo nataka kuandika polepole.

Asubuhi mama alikuja kutoka kwa Nurto akicheka peke yake. Tangu ile siku ya ng'ombe tulikuwa tunaongea kwa adabu tu, lakini leo alishindwa kujizuia.

"Huyu Nurto wenu! Nimemwambia ngozi ya mikono yake imepauka, nikampakulia mafuta. Anasema si sasa, ni karibu kuswali. Ati akijipaka mafuta mazito kabla ya kutawadha, lazima kwanza ayaoshe kwa sabuni, maana maji hayashiki. Yanateleza tu juu ya ngozi yanaanguka. Nimemwonyesha mkono wangu. Akamimina maji. Kweli bwana, yalikimbia kama yanafukuzwa!"

Nilikuwa ninakata sukuma. Kisu kilisimama. Niliuona uso wa Baba Mitchelle kwenye kigoda, ukimeremeta chini ya taa. Nikamwona Yurub na kitambaa chake chenye maji ya dawa, akipangusa kabla ya kuvalisha, na siku hiyo moja tu kikatuni kikacheka. "Unatumia krimu ama vipodozi?" "Mimi ni mwanaume." Sisi wawili tukacheka! Mafuta ya kujipaka si krimu kwetu, si vipodozi, si kitu hata cha kutajwa. Ni kuoga tu. Na kadiri barakoa ilivyovuja ndivyo nilivyokaza, nilivyokaza ndivyo kidonda kilivyokua, na kidonda kilivyokua ndivyo mama alivyoongeza mafuta.

Sikusema neno kwa mama. Nilimwambia Baba Mitchelle chumbani, nyuma ya pazia, kwa sauti ya chini.

"Usimwambie. Nitanawa nikishaingia huku."

Basi alipakwa, kama kila jioni, akamshukuru mama, mama akaenda kwa Nurto. Kisha nikamletea beseni na sabuni, akanawa mara mbili, nami nikaosha mpira wa barakoa hadi ukashika kidole, usiteleze.

Jumapili, 10 Mei

Kimecheka.

Kimecheka! Hakukuwa na mluzi. Ameamka akaniuliza kama mvua ilinyesha. Ilinyesha hadi barabara ya chini ikajaa, na yeye hakusikia.

Jumatatu, 11 Mei

Kimecheka.

Jumanne, 12 Mei

Kimecheka, lakini mama amejua. Alimshika kidevu mwanawe kabla hajaenda kazini, akapitisha kidole shavuni.

"Nilikupaka jana, na leo umepauka. Unaiosha kazi ya mikono yangu?"

Baba Mitchelle, mwanaume yule wa kliniki, alichukua kofia akakimbilia kazini. Akaniachia mimi.

Nilimweleza mama yote. Nilileta barakoa, nikajipaka mafuta mkononi, nikamwonyesha inavyoteleza, nikaosha, nikamwonyesha inavyoshika. Aliangalia kama anavyoangalia mtu anayepimiwa kitu sokoni. Kisha akasema, "Kwa hiyo ni mimi."

Nikamwambia ni sisi sote. Yeye alipaka, mimi nilinunua kopo la pili, na mwanawe akawaambia watu yeye ni mwanaume. Alicheka kidogo, lakini machozi yalishatangulia.

"Mke wake anamlaza, mashine inampulizia. Mimi siwezi kuingia hapo. Hiki ndicho kitu kimoja nilikuwa nimebaki nacho."

Nimemfikiria vibaya mwanamke huyu majuma mangapi, kwa ugali na hadithi! Nilimshika mikono. Ilikuwa bado na mafuta.

Alhamisi, 14 Mei

Kimecheka. Jana jioni mama aliweka kigoda pale pale, akafungua kopo, akampaka miguu. Uso hakuugusa.

Jumapili, 17 Mei

Kimecheka. Ibada nzima alikuwa macho, akaimba hata zile beti ambazo watu huziruka. Ninaanza kufikiria ile forklifti.

Jumatano, 20 Mei

Ilikuwa siku ya kliniki. Baba Mitchelle alivaa shati jeupe na uso mkavu.

Yurub alichomoa kadi ya mashine akaitazama kwenye kompyuta. Nilimweleza mambo ya mafuta nikimwonyesha kile kikatuni cha kijani kwenye kioo kama mzazi anayeonyesha cheti cha mtoto. Alifunika uso kwa mikono.

"Ningeuliza mafuta. Niliuliza krimu. Haki ningeuliza mafuta, mama."

Kisha akaenda kwa wakubwa wake, akakaa huko, akarudi bila kututazama. Wanaangalia msimu mzima, si mwisho wake. Msimu mzima ni mwekundu, na hizi siku za kijani ni chache mno. Mashine inaenda kwa wa pili kwenye foleni, na Baba Mitchelle anaandikwa upya, mwisho. Yurub alisema ameomba kwa kila namna. Ninamwamini.

Huyo wa pili alikuwa ameketi benchini. Mwanamke mdogo, mnene, na mtoto mgongoni, amesinzia huku mtoto akimvuta sikio. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Niliishia kumwamsha taratibu na kumwambia, "Dada, usoni usipake mafuta. Hata kidogo."

Barakoa wametuachia. Ni ya uso wake, haiwezi kuvaliwa na mwingine.

Ijumaa, 22 Mei

Hakuna kikatuni. Nimelala nikimtikisa.

Jumanne, 26 Mei

Mvua imekatika. Mama anasafiri kesho, anasema atapanda maharagwe ingawa amechelewa.

Jioni aliweka kigoda, akafungua kopo, akampaka miguu, magoti, mikono na viwiko. Alipofika shingoni akasimama, vidole bado vina mafuta. Alinitazama mimi.

"Mama Mitchelle, mashine si ilirudishwa. Sasa usoni nipake?"

Kusema ndiyo ni kusema yameisha, na kusema hapana ni kumnyima bure. Nilitazama pazia la chumba. Nyuma yake barakoa inaning'inia kwenye msumari, safi, inamkaa sawasawa, na haina hewa.

Baba Mitchelle ndiye aliyejibu, macho yamefumbwa.

"Acha tu, mama. Wakiniita siku yoyote, wanikute tayari."

"Utapauka, mwanangu."

"Wacha nipauke."

Mama akafunga kopo. Yale mafuta yaliyobaki kwenye vidole akajipaka usoni mwake mwenyewe, akakaa akipaka kwa muda mrefu, mikono imefunika macho.

Jumatano, 27 Mei

Mama ameondoka alfajiri. Baba Mitchelle ameenda kwenye ufagio wake, uso umepauka kama ukuta uliopakwa chokaa, na ameshuka ngazi zote mbele ya watu. Thuo alimwona, akanitazama mimi.

Kisha nimeiosha barakoa kwa sabuni kama kila asubuhi, ingawa hakuivaa, nikaianika dirishani.